Mti Usiobatizwa

Utotoni kwangu, pale Nyamirambo, tulijua Noeli imekaribia watu wazima walipoanza kugombana kuhusu Mungu. Ugomvi ulikuwa na mahali pake: baraza ya Mzee Saidi, fundi cherehani, ng'ambo ya njia kutoka kwetu. Mzee Saidi alikuwa Mwislamu, mjukuu wa mfanyabiashara aliyetoka pwani zamani za Wajerumani. Noeli haikumhusu hata kidogo, ila ilimletea nguo nyingi za kushona kuliko mwezi mwingine wowote, kwa hiyo aliipenda kuwashinda Wakristo wengi. Alikuwa akichokoza neno moja tu, kisha anainamia cherehani yake kama vile hayupo.

"Nyie, huyo Yesu wenu kweli alizaliwa mwezi wa kumi na mbili?"

Hapo Damasi anadakia. Damasi aliwahi kusoma seminari, akafukuzwa kwa sababu ambayo kila mtu aliieleza kivyake, akaokoka, na wakati huo alikuwa akiuza vipuri vya baiskeli na kuwachukia Wakatoliki kwa bidii. Alisema siku ile ilikuwa sikukuu ya jua ya wapagani wa Roma. Alisema mti wa Noeli ulipambwa na wapagani wa Ulaya kabla hawajasikia jina la Yesu, na kwamba hata Pasaka, ukiichimba vizuri, unakuta mambo ya watu walioabudu majira. Kwake yeye sherehe nzima ilikuwa upagani uliovikwa kanzu ya padri.

Naye Mwalimu Anselmi, katekista wetu, hakukubali kupitwa. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu na kalamu mbili mfukoni, na alizungumza na watu wazima kwa sauti ileile aliyotumia kutufundisha sisi katekisimu. "Kanisa lilivibatiza, Damasi! Lilichukua vitu vya giza likavitia nuru. Ule mti umebatizwa. Sasa ni wa Kristo, hakuna mtu anaweza kuurudisha nyuma."

Ugomvi huo nimeusikia kila mwaka tangu hapo. Siku hizi unanifikia kwenye simu. Ikianza Desemba tu, ndugu zangu wanarushiana maandishi marefu ya nani alimwibia nani sikukuu, halafu wanawekeana vicheko na wanaenda kula. Mimi siwezi kucheka nao. Nyumbani kwetu ubishi huo ulimgharimu mtu mazishi yake, na aliyemgharimu namkumbuka kwa jina, kwa sura na kwa mwendo.

Mtu mwenyewe ni Nyogokuru, bibi yangu mzaa mama. Alikuja kwetu baada ya vita kuanza huko kaskazini, akiwa na furushi moja na miguu iliyovimba. Babu alikuwa amefia njiani wakikimbia. Walimzika kando ya barabara, hakuna padri, hakuna kengele, hata ubao wa kumwandikia jina haukupatikana. Nyogokuru hakulia alipotusimulia. Alisema tu kwamba yeye hatazikwa hivyo. Alitaka padri mwenye kanzu, maji ya baraka, kengele ya kanisa na watu wa kuitikia. Alimwambia Mama mara nyingi mpaka ikawa kama salamu: "Mimi utanizika na kengele." Mama alikuwa anamwahidi kila mara.

Siku alipofika, kabla hajaiona hata nyumba yetu, aliuona mti uliokuwa nyuma yake, kwenye ukingo kati ya uwanja wetu na njia ya kushukia bondeni. Ulikuwa umuko, mti wa miiba ambao kiangazi unatoa maua mekundu, na baadaye maganda yenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Aliweka furushi chini, akaugusa kwa kiganja, akasema, "Kumbe hata Kigali muko nao."

Nyogokuru alikuwa amebatizwa akiwa tayari ni mke wa mtu. Kabla ya hapo, akiwa msichana, alipitishwa kwenye mambo ya zamani, yale ya kuiheshimu mizimu, ambayo ukiyataja mbele ya katekista anafunika masikio. Katika hadithi zao kulikuwa na mwindaji mkuu ambaye nyati alimchoma kwa pembe akamrusha hewani, na umuko ndio uliomdaka asianguke chini. Tangu hapo mti huo haukatwi ovyo na haufanywi kuni. Nyogokuru hakuona kwamba hilo linagombana na rozari yake. Alivaa rozari shingoni, na mbegu za umuko alizifunga kwenye pindo la kanga.

Mti wenyewe ulikuwa na kazi. Mtoto akivimba mashavu, ule ugonjwa wanaouita matumbwitumbwi na sisi tuliuita amashamba, aliletwa kwenye umuko asubuhi kabla hajasema na mtu. Alifungwa kamba ya mgomba chini ya kidevu, akabebeshwa kijimzigo cha vijiti kichwani, akauzunguka mti akisema, "Umuko, chukua mashavu yako, nipe yangu." Kisha aliangusha mzigo na kwenda zake bila kugeuka nyuma. Ukigeuka umeharibu, mti unabaki na kitu chako. Nyogokuru alipokuja, alishika usimamizi wa shughuli hiyo kana kwamba aliajiriwa. Wakatoliki walileta watoto, walokole walileta watoto, na Mzee Saidi mwenyewe alimleta mjukuu wake alfajiri, halafu mchana akawa anatucheka barazani.

Leo mimi nafanya kazi maabara, katika hospitali moja hapa Kigali. Najua ugonjwa ule unaisha wenyewe hata ukizunguka nguzo ya umeme. Nimelijua hilo kwa miaka mingi na halijawahi kunipunguzia chochote katika hasira yangu.

Ilikuwa Majilio ya mwaka wa tisini na mbili. Mwalimu Anselmi alikuwa na desturi ya kupita nyumba kwa nyumba kukagua mapango ya Noeli, kuona kama familia zimejiandaa vizuri. Letu Mama alilitengeneza kwa karatoni ya sabuni. Maria na Yosefu walikuwa wa udongo, ng'ombe tulikuwa naye mmoja aliyevunjika pembe, na Mtoto Yesu amelala juu ya nyasi. Shingoni Nyogokuru alikuwa amemvalisha uzi wa mbegu nyekundu.

Mwalimu aliinama, akazitazama muda mrefu.

"Hii ni nini?"

"Ni shanga ya mutoto," Nyogokuru akasema. "Mutoto akizaliwa wanamuvalisha. Wewe hawakukuvalisha?"

"Mukecuru, hii ni mbegu ya umuko. Umeweka shetani kwa kitanda ya Mwokozi."

"Shetani iko na kazi mingi, Mwalimu. Haiwezi kuja kulala kwa karatoni ya sabuni."

Mimi nilicheka. Mama alinifinya mkono, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, na nadhani ndicho kilichomuuma zaidi Mwalimu Anselmi. Alinyoosha mkono, akazikata zile shanga kwenye shingo ya Mtoto Yesu, mbegu zikatawanyika sakafuni. Nyogokuru alipiga magoti akaanza kuziokota moja moja, na yule mwanamume alisimama juu yake akimtazama mpaka alipomaliza. Hilo la kusimama ndilo lisilonitoka. Angeweza kuondoka.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alisimama mbele akatangaza. Padri wetu alikuwa mzee, mwenye vigango vingi vya kuzungukia, na mambo ya nani yuko sawa na Kanisa aliyaacha mikononi mwa katekista. Mwalimu Anselmi alisema kuna mukecuru mmoja, bibi kizee, hakumtaja jina lakini alimtazama, ambaye hatapokea komunyo Noeli, wala asifikiri akifa atapigiwa kengele, mpaka ajitenge na mti wake hadharani. Nyogokuru alikuwa amekaa kati yangu na Mama. Niliona vidole vyake vikiacha kutembea kwenye rozari. Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama alilia waziwazi mbele za watu.

Nyogokuru angeweza kujitenga. Ilikuwa maneno machache tu. Mama alimsihi usiku na asubuhi, na mwishoni mwa juma nadhani alikuwa anaanza kulegea, maana nilimsikia akiuliza maneno yenyewe ni yapi. Mwalimu Anselmi hakumngoja. Siku ya Jumatatu alikuja na vijana wa kwaya wenye mashoka. Ukingo ule, alisema, ni ardhi ya parokia, na parokia haifugi miungu.

Nyogokuru alitoka akiwa na kanga ya kulalia, akasimama kati yao na mti.

"Mwalimu, ile sipure yako ya kanisani, ule muti wa Noeli, Damasi anasema Wazungu walikuwa wanaiabudu."

"Ilibatizwa."

"Nani aliibatiza?"

"Kanisa."

"Basi na hii ibatize. Maji iko pale kwa ndoo."

Vijana wa kwaya walitazamana. Mmoja alifunika mdomo. Mzee Saidi alikuwa ameacha cherehani na kusimama njiani, na nyuma yake watu walikuwa wanaongezeka.

"Mukecuru, usinifanyie mchezo."

"Sifanyi mchezo. Mimi mwenyewe nilikuwa mupagani, mukanimwagia maji, ikawa imeisha. Sipure ilikuwa mupagani, mukaisamehe. Hii ilikosa nini? Yesu walimutundika kwa muti akafa. Yule wetu nyati alimurusha, muti ukamudaka. Sasa muti mubaya ni gani?"

Nimesoma mengi tangu wakati huo, nimesikia mapadri na wachungaji wakijibu maswali magumu kuliko hayo. Hilo sijasikia likijibiwa. Mwalimu Anselmi alisema, "Kata," na vijana wakakata.

Mti ule ulikuwa laini kuliko ulivyoonekana, na ulianguka upesi. Nyogokuru hakupiga kelele. Alingoja mpaka shoka la mwisho lilipotulia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemkumbusha jirani kuanua nguo:

"Umekata. Sawa. Lakini amashamba haina dini, Mwalimu. Siku itafika kwako utaipeleka wapi?"

Yeye alicheka. Sisi wengine hatukucheka, kwa sababu amashamba ilikuwa tayari mtaani.

Jioni hiyo niliomba. Nilimwomba Mungu, nikamwomba Mtoto Yesu aliyevuliwa shanga, nikaliomba na shina la umuko lililobaki, yeyote kati yao atakayewahi. Sikuomba Mwalimu abadilike moyo. Niliomba avimbe. Nilikuwa na miaka kumi na nilijua ninachotaka, na hata leo nikijiuliza kama mtoto anaweza kuchukia kikamilifu, najibu kwamba anaweza, tena kwa utulivu.

Aliyevimba kwanza alikuwa Goreti, binti yake wa pekee, aliyesoma darasa moja na mimi. Alikuja shuleni na uso umekuwa mpana, mwalimu wa darasa akamrudisha. Mama yake, mwanamke mpole tuliyemwita Mama Goreti, alitaka kumleta angalau kwenye shina. Mumewe alikataa. Alisema binti yake hatazunguka kuni. Alimkalisha nyumbani, akamlisha uji yeye mwenyewe kwa kijiko, maana alimpenda yule mtoto, hilo sitamnyima. Goreti akapona.

Ndipo ikamshika yeye.

Kwa mtoto ugonjwa ule ni maumivu ya mashavu. Kwa mwanamume mzima unashuka mpaka chini ya kiuno. Noeli ilikuwa mlangoni, na Noeli ilikuwa siku yake kubwa kuliko zote: yeye ndiye aliyeongoza kwaya, yeye ndiye aliyesoma somo, yeye ndiye aliyewapanga watoto wa komunyo ya kwanza kwa urefu. Sasa alikuwa amelala ndani na madirisha yamefungwa, na mtaa mzima ulijua amevimba wapi. Mzee Saidi aliulizwa kama anaweza kushona suruali pana kwa haraka. Alijibu kwamba kitambaa kipo ila hajui achukue vipimo vya leo au vya kesho. Nilimsimulia Nyogokuru, akacheka mpaka akashika mbavu.

Alasiri ya mkesha wa Noeli Mama Goreti alikuja kwetu na kibuyu cha pombe ya mtama. Alikaa kwenye mkeka, akatazama mikono yake.

"Mukecuru, nakuja kuomba. Bwana yangu iko vibaya sana. Analia kama mutoto. Nimemwambia kuna shina, amekubali."

"Amekubali yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Amesema nikuulize unataka nini."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na wote tuliokuwa ndani tuliuona. Mama aliacha kupepeta mchele. Alisogea, akainama kwenye sikio la mama yake, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu nilisikia kila neno.

"Mama, omba komunyo. Omba kengele. Aandike kwa padri leo leo kwamba uko sawa. Nakusihi, usiombe kitu kingine."

Nyogokuru alimtazama Mama kwa upendo. Halafu akamgeukia mgeni.

"Mwambie aje kesho, watu wakitoka misa. Aje kwa miguu. Afunge kamba ya mugomba, abebe muzigo kichwani kama watoto. Mimi sitaki kitu kingine."

Mama Goreti alifunika uso kwa kanga. Mama yangu alirudi kwenye ungo wake, akapepeta mchele uliokuwa umeshakuwa safi, na machozi yalikuwa yanamdondokea humo.

Asubuhi ya Noeli sikwenda misa, niliachwa nyumbani kumsaidia Nyogokuru kuvaa. Alivaa kitenge chake kizuri, akajifunga kiuno, akavaa rozari, na juu ya rozari akavaa shanga zake nyekundu. Tulimtolea kiti tukakiweka karibu na shina. Alikaa hapo mikono magotini mpaka tuliposikia watu wanashuka kutoka kanisani wakiimba, na nyimbo zikikatika kila walipofika kona yetu.

Alikuja. Naandika hivi na bado nahisi raha ileile. Alikuja polepole, miguu ameitanua kama mtu anayevuka mfereji, kitenge cha mkewe kimemfunika kiunoni, mashavu yamening'inia, kamba ya mgomba imefungwa chini ya kidevu na ncha zake zimesimama juu ya kichwa kama masikio ya mbuzi. Juu ya kamba palikuwa na kijimzigo cha vijiti. Kwaya yake yote ilikuwa imesimama njiani na nguo nyeupe. Damasi alikuwepo. Mzee Saidi alikuwa amefunga duka kwa heshima ya sikukuu ya watu wengine.

Alizunguka shina akinong'ona.

"Sauti," Nyogokuru akasema. "Muti hausikii vizuri tangu ulikatwa."

Watu walilipuka kwa kicheko. Mwalimu Anselmi alifunga macho, akasema kwa sauti ile aliyotufundishia katekisimu: "Umuko, chukua mashavu yako, nipe yangu." Akazunguka tena, akasema tena. Alipomfikia Nyogokuru, bibi alinyoosha fimbo yake akamzuia.

"Mwalimu, kitu kimoja tu halafu uende. Ile sipure, nani aliibatiza?"

Nilidhani atasema Kanisa. Alisimama jasho likimtoka, mzigo unatikisika kichwani, na kila mtu aliyefundishwa naye kusali alikuwa anamsikiliza.

"Sijui," akasema.

"Eee," Nyogokuru akasema. "Hata mimi sijui. Weka muzigo, uende upone."

Aliangusha vijiti, akaanza kuondoka. Na sote tulijua kanuni, hata watoto wadogo waliijua. Alipofika kwenye njia, aligeuka nyuma. Hakusahau, aligeuka kwa makusudi ili amtazame Nyogokuru usoni, na mtazamo ule niliuelewa vizuri, kwa sababu ndio niliokuwa nimemtazama nao mimi tangu siku ya shanga.

Alipona ndani ya wiki. Hakupata mtoto mwingine tena. Mtaa ulisema umuko ulibaki na chake, kwa kuwa aligeuka. Maabara tungesema vinginevyo, na wote tungekuwa tunazungumzia mwanamume yuleyule asiye na mwana wa kiume.

Kitu cha kwanza alichofanya baada ya kupona ni kwenda kwa padri. Alimweleza kwamba kuna mukecuru ambaye siku ya Noeli, baada tu ya misa, aliendesha ibada ya mizimu mbele ya wabatizwa. Hakusema nani alikuwa amebeba vijiti. Padri akathibitisha yote: hakuna komunyo, hakuna mazishi ya Kanisa.

Nyogokuru alianza kukohoa wakati wa mvua za masika za mwaka uliofuata. Mama alipoona hali, alikwenda kwa Mwalimu Anselmi. Nilikwenda naye. Alituweka nje, hakutukaribisha ndani, na Mama akapiga magoti kwenye tope mbele ya mlango wake, na mara nyingine tena yule mwanamume alisimama akatazama. "Aende akazikwe na mti wake," akasema. Nyuma yake ndani ya nyumba niliona Goreti ameshika pazia.

Tuliporudi, Mama hakuweza kuficha. Alikaa kando ya kitanda, akashika mkono wa mama yake.

"Mama, hakuna kengele. Ungeomba siku ile. Hujuti?"

Nyogokuru alijiinua kidogo. Pumzi ilikuwa inampa tabu. Kisha uso wake ukafunguka, akaanza kutikisika, na kwa muda tulidhani ni kikohozi.

"Lakini mulimuona?" akasema. "Mulimuona alivyozunguka?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia. Alikufa kesho yake, asubuhi, akiwa na rozari mkononi.

Tulimzika kwenye makaburi ya mlimani. Mzee Saidi na vijana wa Kiislamu walichimba, kwa sababu vijana wa kwaya walikatazwa. Hawakujua wamwombee kwa namna gani, kwa hiyo walinyamaza kwa adabu. Damasi alikuja, akasimama mbali, akasema hawezi kumwombea mpagani, hata kama anampenda. Mama alifungua mdomo aanze Baba Yetu, sauti haikutoka. Tulifukia udongo, tukaweka msalaba wa mbao wenye jina lake, tukashuka. Niliapa njiani kwamba nitakua, nitamtafuta Mwalimu Anselmi akiwa mzee na mgonjwa, nitasimama juu yake na kumtazama.

Mwaka haukuisha tangu siku hiyo, na ukaja mwezi wa nne wa mwaka wa tisini na nne, ambao siandiki habari zake hapa, anayezijua anazijua. Baada yake, watu waliokuwa wamebishana nani azikwe na kengele walikuwa hawana wa kuwazika. Mama alinusurika, mimi nilinusurika. Baraza ya Mzee Saidi ilikuwa tupu. Nilipoweza kupanda tena mlimani nilikuta msalaba wa Nyogokuru umelala upande, nikausimamisha. Katika ukoo wetu wote wa miaka ile, yeye peke yake ndiye aliyeoshwa, akavalishwa, akashushwa taratibu na watu waliojua jina lake. Katekista alidhani anamnyima kitu. Hakuna aliyejua kwamba anamwachia mazishi ya mwisho ambayo ukoo wetu ungepata. Mimi sikumshukuru.

Mwalimu Anselmi mwenyewe sijui alikofia. Nilimuulizia miaka mingi, na sikuulizia kwa wema. Wengine walisema njia ya Gitarama, wengine walisema kambini ng'ambo ya mpaka. Kisasi changu kilikaa nami kimenoa meno yake, na hakikuwa na mtu wa kumuuma.

Goreti alirudi nikiwa tayari mama wa watoto wawili. Alinitafuta hospitali, mwanamke mnene, mpole, mwenye shingo ndefu ya baba yake. Aliniambia mama yake pia amekufa. Aliniambia hana kaburi la mzazi hata moja, na kwamba kila Noeli anawasha mshumaa hajui aukabili upande gani. Kisha akaomba kitu ambacho sikukitarajia.

"Nyogokuru wako iko na kaburi. Unaweza kunipeleka niombe hapo? Nimwombee yeye, na baba yangu pia. Nilikuwa kwa pazia siku ile. Niliona mama yako kwenye matope."

Nilitaka kukataa. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kukataa tangu nikiwa na miaka kumi, yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alisimama mbele yangu akingoja, na nikaona kwamba nikikataa nitakuwa nimesimama juu ya mtu na kumtazama.

Tulipanda pamoja. Alipiga magoti kwenye nyasi, akatoa rozari, akasali sala za mazishi zote kwa mpangilio, kama baba yake alivyotufundisha, hakuruka hata moja. Alimwombea Nyogokuru kwa jina. Zile zilikuwa sala za kwanza kusemwa kwa sauti juu ya kaburi lile. Halafu, bila kuinuka, akamwombea Anselmi, mtumishi wako, apate pumziko. Alinyamaza ili niitikie.

Nilimngoja mpaka alipomaliza, nikamsaidia kusimama, nikamkung'uta majani magotini. Amina sikusema.